Farasi Akishavuliwa Tandiko la Mbio

Mwaka 1986 farasi aitwaye Ferdinand alishinda Kentucky Derby, mbio za farasi zinazojulikana kuliko zote nchini Marekani. Aliyempanda, Bill Shoemaker, alikuwa na umri wa miaka 54. Mkufunzi wake, Charlie Whittingham, alikuwa na miaka 73. Mwaka uliofuata Ferdinand alimpita Alysheba kwa urefu wa pua tu katika mbio za Breeders' Cup Classic, akatangazwa Farasi wa Mwaka. Fedha alizowaletea wenyewe zilizidi dola milioni 3.7. Mwaka 1994 aliuzwa Japani awe dume la mbegu. Wafugaji wa huko hawakuvutiwa sana na watoto wake, majike waliopelekwa kwake wakapungua, naye akaishia mikononi mwa mchuuzi wa farasi. Mwaka 2003 jarida la The Blood-Horse lilitoa habari kwamba Ferdinand hakuwepo tena: alikuwa amepelekwa machinjioni mwaka uliotangulia.

Habari hiyo iliwatikisa wenye farasi Marekani kuliko hotuba zote zilizotangulia. Ikiwa bingwa wa kiwango kile aliweza kupotea hivyo, farasi wa kawaida aliyeshika nafasi ya saba maisha yake yote angekingwa na nini?

Ukubwa wa tatizo hili unaonekana kwenye hesabu ya umri. Farasi wa damu ya Thoroughbred, ambao ndio wengi katika mbio za Marekani, Uingereza, Australia na hata Kenya, huanza kushindana wakiwa na miaka miwili au mitatu. Wengi huacha kabla ya kufika saba. Lakini farasi aliyetunzwa vizuri huishi miaka 25 na zaidi. Silver Charm, mshindi wa Kentucky Derby ya mwaka 1997, alitimiza miaka 30 mwaka 2024 akila nyasi Kentucky. Kwa hiyo mbio ni sehemu fupi ya maisha ya mnyama huyu. Miaka inayobaki baada yake ni mingi mno kuitwa uzee.

Tena wengi hawatoki uwanjani kwa sababu wameumia. Wanatoka kwa sababu hawana kasi ya kutosha, au mmiliki amechoka kulipa gharama za mkufunzi, saisi, daktari na mtengeneza kwato kila mwezi bila kuona zawadi. Farasi wa namna hiyo ni mzima, ana miaka minne au mitano, amezoea kusafirishwa kwa lori, kuogeshwa, kushikwa miguu na kuzungukwa na makelele ya watu. Anafaa kwa kazi nyingi. Na watu wa kumchukua wapo: wenye shule za kupanda farasi, wachezaji wa polo, vijana wa mashindano ya kuruka viunzi, wenye mashamba. Pengo lipo katikati. Kati ya siku ya mbio za mwisho na siku anayoweza kupandwa na mtu wa kawaida kuna miezi ya kazi ya ustadi, na mara nyingi hakuna aliyejiandaa kuilipia miezi hiyo. Hapo ndipo farasi wengi hupotea.

Kazi yenyewe huanzia tumboni. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, liwe limejaa au tupu, na kinachoipunguza makali ni mate, ambayo humtoka akiwa anatafuna. Mbugani farasi hula zaidi ya nusu ya siku, kidogo kidogo. Farasi wa mbio hukaa bandani karibu siku nzima, hupewa nafaka nyingi kwa mikupuo michache, kisha hukimbizwa kwa nguvu. Matokeo yake ni vidonda vya tumbo, ambavyo madaktari wa mifugo huvikuta kwa sehemu kubwa ya farasi walio mazoezini. Mnyama mwenye vidonda hukonda, husaga meno, huwa mkali anapofungwa tandiko. Mnunuzi asiyejua humwita mkorofi, kumbe anaumwa.

Tiba huendana na kubadilisha chakula, na mabadiliko hayo hayana haraka. Nafaka hupunguzwa kwa siku nyingi huku nyasi kavu zikiongezwa, hadi farasi wa kilo 500 afike kilo nane hadi kumi za nyasi kwa siku. Akibadilishiwa ghafla hupata msokoto wa tumbo, ugonjwa unaoweza kumuua ndani ya saa chache. Akiachiliwa ghafla kwenye malisho mabichi yenye sukari nyingi, anaweza kupata uvimbe ndani ya kwato ukamlemaza kabisa. Kwato nazo zina mambo yake. Farasi wa mbio huvaa viatu vyepesi vya alumini na kwato zake mara nyingi huwa nyembamba. Mafundi wengi hupenda kuvivua viatu na kuziacha kwato zikomae kwa miezi kadhaa.

Baada ya tumbo ni miguu. Jeraha linalokatisha safari za farasi wengi wa mbio ni kuchanika kwa kano ndefu iliyo nyuma ya mguu wa mbele. Kano hiyo hupona, lakini kovu lake halinyumbuki kama nyuzi za awali, na uponyaji huchukua miezi tisa hadi kumi na miwili ya kutembezwa kwa vipimo, huku daktari akiikagua kwa altrasaundi. Farasi aliyepona hivyo huenda asirudi kwenye mbio kamwe, lakini anaweza kumbeba mtu kwa mwendo wa kawaida kwa miaka mingi. Vipande vidogo vya mfupa kwenye goti, kama viliondolewa mapema, mara nyingi havimzuii kufanya kazi nyepesi. Nyufa kwenye vifundo huwa na hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana vituo makini havimpi mtu farasi kabla ya picha za eksirei, na huandika bila kificho kama mnyama anafaa kuruka, kutembea tu, au kukaa malishoni asipandwe kabisa.

Kisha kuna kufundishwa upya, sehemu inayowashangaza wengi. Watu hudhani farasi wa mbio ameshazoea kupandwa, kwa hiyo kazi ni ndogo. Alichozoea ni namna moja tu ya kupandwa. Uwanjani mpandaji hurushwa juu ya tandiko na msaidizi huku farasi akiendelea kutembea. Hakuna aliyemfundisha kusimama tuli karibu na kigoda mtu apande taratibu. Mpandaji wa mbio hukaa juu, vikuku vimefupishwa, miguu yake haimgusi farasi ubavuni. Mpandaji wa kawaida huteremsha miguu na kumbana kidogo kumwambia aende. Farasi aliyetoka mbioni akihisi miguu hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kuruka kwa mshtuko.

Hatamu ndizo hatari zaidi. Katika mbio, mpandaji akizikaza hatamu farasi huegemea lijamu na kuongeza kasi, na ndivyo alivyofundishwa. Mtu mwenye hofu naye huzikaza hatamu akitaka kusimama. Anavyozidi kuvuta, ndivyo farasi anavyozidi kukimbia, akiamini anatii. Ajali nyingi za wiki za mwanzo huanzia hapo. Wakufunzi hodari huanza chini kabisa: farasi huongozwa kwa kamba na kufundishwa kusimama kwa sauti, kisha hupandwa kwa mwendo wa kutembea tu, akizungushwa kulia na kushoto hadi aelewe kwamba hatamu iliyolegea ina maana ya kutulia. Kwa farasi wa Marekani kuzungushwa kulia ni kazi ya peke yake, kwa sababu mbio za huko hukimbiwa kuelekea kushoto na misuli yake imejengeka upande mmoja.

Anajifunza pia kuishi na wenzake. Wengi wao tangu wakiwa wadogo hawajawahi kuachiliwa malishoni pamoja na farasi wengine. Farasi wa namna hiyo huwekwa kwanza katika uwanja mdogo, akiwa na mwenzake mpole ng'ambo ya uzio, na baada ya siku kadhaa huunganishwa. Akiingizwa ghafla katika kundi, mateke yanaweza kumvunja mfupa uliosalimika mbio zote.

Wanaopitia hatua hizi kwa utaratibu hufika mbali. Neville Bardos alizaliwa Australia, akashindwa vibaya mbioni, na mpanda farasi Boyd Martin akamnunua kwa dola 850, bei ya nyama. Mwaka 2010 farasi huyo alishika nafasi ya kumi katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Kentucky. Mei 2011 banda lao Pennsylvania liliungua moto na Martin mwenyewe akaingia ndani kumtoa, mapafu ya mnyama yakiwa yamejaa moshi. Miezi mitatu baadaye farasi huyo alishindana Burghley, Uingereza, moja ya mashindano magumu kuliko yote ya kuruka na kukimbia nyikani, akawa wa saba. Farasi wa kipaji hicho ni wachache, lakini kilichomwokoa Neville Bardos hapo mwanzo ni jambo la kawaida: mtu aliyejua kumtazama alifika kabla ya mnunuzi wa machinjio.

Wapo wasioweza kupandwa tena, kwa uzee au kwa majeraha, na hao wanahitaji mpango mwingine. Mwaka 1984 shirika la Thoroughbred Retirement Foundation lilikubaliana na idara ya magereza ya jimbo la New York: farasi wapewe ardhi ya gereza la Wallkill, nao wafungwa wafundishwe kuwatunza. Wafungwa hujifunza anatomia, lishe, kutibu majeraha na kusafisha kwato, na hutoka wakiwa na ujuzi wa kuombea kazi. Mpango huo ulienea hadi magereza ya majimbo mengine. Huko Georgetown, Kentucky, Michael Blowen, aliyekuwa mhakiki wa filamu wa gazeti la Boston Globe, alianzisha mwaka 2003 shamba la Old Friends. Aliamini kwamba watu wangesafiri na kulipa ili wawaone mabingwa waliostaafu, na wamefanya hivyo. Silver Charm aliletwa hapo kutoka Japani mwaka 2014, na War Emblem, mshindi wa Derby ya 2002, akamfuata mwaka uliofuata.

Huruma na watalii, hata hivyo, havitoshi kwa wingi wa farasi wanaoacha mbio kila mwaka. Machinjio ya mwisho ya farasi Marekani yalifungwa mwaka 2007, lakini malori yaliendelea kuwavusha mipaka kwenda Mexico na Canada. Kilichobadilisha hali zaidi ni pale sekta yenyewe ilipoanza kujitoza. Uingereza ilitangulia mwaka 2000 kwa kuanzisha Retraining of Racehorses, shirika la hisani la mbio za nchi hiyo, ambalo pia huandaa mashindano ya farasi waliofundishwa upya ili wapate soko na heshima. Marekani ilifuata mwaka 2012 na Thoroughbred Aftercare Alliance, inayokagua vituo, kuvipa ithibati, na kuvigawia fedha zinazochangwa na wafugaji, wamiliki, minada na viwanja. Kila farasi wa Thoroughbred aliyezaliwa Marekani kuanzia mwaka 2017 ni lazima awekewe chipu shingoni, ili anayemkuta mnadani aweze kujua ni nani na alitoka wapi.

Suala hili lina nafasi yake Afrika Mashariki pia. Uwanja wa Ngong, Nairobi, unaosimamiwa na Jockey Club of Kenya, umekuwa ukiendesha mbio tangu mwaka 1954. Farasi wanaotoka hapo huonekana baadaye kwenye polo, katika shule za kupanda farasi na kwenye safari za kutazama wanyamapori. Sekta ni ndogo na wenye farasi wengi wanafahamiana, jambo linalorahisisha kumtafutia mnyama makao kwa simu mbili tatu. Udogo huo una udhaifu wake pia: soko likijaa, au mwenye shule akifunga biashara, nafasi mbadala ni chache. Isitoshe, farasi hawezi kupelekwa popote. Penye mbung'o kuna nagana, na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, unahitaji chanjo kila mwaka. Anayepewa farasi bure na kumpeleka shamba la bondeni bila chanjo wala banda la kumfungia jioni, amempokea mgonjwa wa kesho.

Kwa mmiliki wa Nairobi kama kwa yule wa Kentucky, hatua za kwanza hazigharimu sana zikifanywa mapema. Atenge sehemu ya zawadi za mbio, hata kiasi kidogo kila anaposhinda, kwa ajili ya miezi ile ya mpito. Amtoe farasi uwanjani angali mzima, badala ya kungoja mbio moja ya ziada ambayo itachana kano. Amkabidhi pamoja na kumbukumbu zake zote za matibabu. Mkataba nao uandikwe kwamba farasi hatauzwa mnadani, na kwamba mchukuaji akishindwa, mmiliki wa kwanza apewe nafasi ya kumrudisha. Anayechukua naye aombe kumjaribu kwa wiki kadhaa, alipie daktari wake mwenyewe wa kumpima, na kama ndiyo kwanza anajifunza kupanda, amwachie mwenye uzoefu farasi wa aina hii mpaka miezi yake ya mafunzo ikamilike.