Moshi wa jikoni tumeuzoea, lakini watoto wanaugua

Mvua za huku kwetu Rungwe zikianza kupungua mwishoni mwa Mei, inaingia baridi. Mwezi Juni na Julai ukungu hushuka kutoka mlimani mpaka barabarani Tukuyu, na hapo familia nzima huhamia jikoni. Mlango unafungwa, dirisha kama lipo linazibwa kwa gunia, na moto hauzimwi tangu alfajiri hadi watu wanapokwenda kulala. Mtoto mchanga yuko mgongoni mwa mama anayekoroga sufuria, bibi yuko kwenye kigoda karibu na mafiga. Ndiyo miezi ambayo wodi ya watoto hujaa wagonjwa wa kichomi, yaani nimonia.

Siku hizi tunasikia mengi juu ya kutunza mazingira, na wengi hudhani ni habari ya misitu na ya mikutano ya wataalamu. Mimi ni muuguzi, na mazingira nayatazama kutoka mlangoni pa wodi. Nikiulizwa kaya ya Rungwe ianzie wapi, najibu ianzie jikoni, kwenye moshi. Bustani na shule nitazifikia pia, kwa sababu mambo hayo yamefungamana.

Kwanza tuelewe moshi unafanya nini mwilini. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kusukuma uchafu na vijidudu kwenda juu ili tuviteme au tuvimeze. Moshi huvilemaza vinyweleo hivyo, nazo kuta za njia za hewa huvimba. Mtu mzima anakohoa na kuendelea na kazi zake. Mtoto wa miezi sita ana njia za hewa nyembamba, zikivimba kidogo tu hewa haipiti vizuri, na vijidudu vilivyokosa kusukumwa nje hupata makao. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, hasa ya kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Akina mama wenyewe hawasalimiki. Wapo wanaofika kwetu wakiwa na kikohozi cha miaka mingi na pumzi fupi kama wavuta sigara wa siku nyingi, na hawajawahi kugusa sigara. Moshi huo unahusishwa pia na mtoto wa jicho, na kwa mama mjamzito na kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Kwa hiyo mtoto akianza kukohoa, mzazi asiangalie kikohozi peke yake. Amvue nguo za juu akiwa ametulia, atazame kifua kinavyopanda na kushuka, na ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima kwa saa au simu. Mtoto aliye chini ya miezi miwili akivuta pumzi 60 au zaidi kwa dakika, aletwe hospitali mara moja. Kuanzia miezi miwili hadi kutimiza mwaka mmoja, hatari inaanza kwenye 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, inaanza kwenye 40. Na kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea kwa ndani kila anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au amelegea, msingoje kukuche. Msianze na dawa za dukani, wala msimkalishe karibu na moto mkidhani atapata nafuu kwa joto.

Sasa tufanye nini? Wengi wakisikia habari hii wanauliza bei ya jiko jipya. Mimi husema jiko jipya lisubiri kidogo, yapo mambo yasiyodai hata senti moja.

La kwanza ni kuni kavu. Mti uliokatwa leo una maji mengi ndani yake, pengine nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto hutumia nguvu kuyachemsha maji hayo kabla ya kuchemsha maharage yako, na ule moshi mweupe unaowasha macho ndiyo dalili. Huku kwetu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo kuni haziwezi kukauka zenyewe uani. Zipasuliwe mapema, zipangwe chini ya upenu juu ya mawe au magogo ili zisiguse udongo, na zipitishe hewa kati yake. Kuni za kupikia mwezi Machi yafaa ziwe zimepangwa tangu kiangazi kilichotangulia. Kazi hii ni ya baba pia, tena hasa ya baba, kwa sababu shoka liko mikononi mwake ingawa moshi uko machoni mwa mkewe.

La pili ni njia ya moshi. Acheni nafasi kati ya ukuta na paa, na fungueni tundu upande wa pili wa mlango ili hewa ipite. Najua nitajibiwa kwamba moshi unahifadhi mbegu za mahindi zilizotundikwa darini zisiliwe na wadudu. Ni kweli, na wazee wetu walijua walichokuwa wakifanya. Lakini mbegu zinakaa kule juu na mtoto anakaa huku chini. Tundu la hewa halizuii mbegu kupata moshi wake. Mtoto naye akae nje ya jiko pamoja na dada au bibi wakati moto unawashwa, maana dakika zile za kwanza ndizo zenye moshi mwingi kuliko zote.

La tatu, msiwashe moto kwa plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini vipande vya ndoo, kandambili na vifungashio bado vinaonekana kando ya mafiga kama viberiti. Moshi wake una sumu mbaya zaidi kuliko wa kuni. Magunzi ya mahindi na maganda makavu ya miti yanawasha vizuri tu.

Halafu kuna kupunguza saa za moto wenyewe. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na sufuria ifunikwe. Wako akina mama wanaotumia kikapu: wanachukua kikapu kikubwa, wanakijaza majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu, wanachemsha maharage kwa nguvu nusu saa, kisha wanaifunika sufuria ikiwa inatokota na kuizika humo. Baada ya saa kadhaa maharage yameiva bila kuni hata moja kuongezwa. Ile nusu saa ya kuchemka isipunguzwe, maana maharage yasiyochemka vya kutosha yanaumiza tumbo na kutapisha. Na chakula kikitolewa kichemshwe tena kabla ya kuliwa.

Hapa niseme jambo zito. Nyumba nyingi za mjini Tukuyu hupikia mkaa, na mkaa hauna moshi wa kuonekana, basi watu wanauamini. Usiku wa baridi jiko linaingizwa chumbani na mlango unafungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa hewa safi, mtu anaumwa kichwa, anasinzia, na anaweza asiamke. Familia nzima inaweza kwisha katika usiku mmoja bila kelele yoyote. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata kama mnaona limebaki majivu. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa, mkimbize hospitali. Usimnyweshe maziwa mtu aliyezimia, yataingia mapafuni.

Baada ya hayo ndipo tuzungumze majiko. Jiko sanifu la udongo, lenye vyumba vya moto vinavyoikumbatia sufuria, linatumia kuni chache kuliko mafiga matatu, na mafundi wa kulijenga hawakosekani vijijini. Lakini ulizeni kama lina dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje. Jiko linalookoa kuni bila kutoa moshi nje limesaidia msitu, kifua cha mama bado. Gesi ya mtungi ni safi na inapika haraka. Tatizo lake ni kwamba mtungi ukiisha katikati ya mwezi watu hurudi kwenye kuni. Hata hivyo, kupika chai ya asubuhi na uji wa mtoto kwa gesi na kuacha mbalaga na maharage kwa kuni tayari ni nafuu.

Kwa wenye ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani, na Rungwe tunao wengi, ninapendelea zaidi biogesi. Mavi ya ng'ombe wawili au watatu huchanganywa na maji kiasi kilekile na kumiminwa kwenye shimo lililojengwa na kufunikwa ardhini. Humo ndani pasipo hewa vijidudu huyachachusha na kutoa gesi inayopita kwenye bomba hadi jikoni. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa wa kujenga mitambo ya namna hiyo majumbani. Gharama ya kujenga si ndogo, wala sitawadanganya. Ni mradi wa kuweka akiba, au wa kikundi cha kukopeshana katika jumuiya. Lakini ng'ombe huyohuyo anatoa maziwa, moto usio na moshi, na tope linalobaki ambalo ni mbolea nzuri kwa migomba. Katika baridi kali gesi hupungua, hivyo kuni kidogo kavu zisikosekane.

Na kuni hizo zitoke shambani kwetu, si mlimani. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu meta 3,000, ndio unaotukusanyia maji, na msitu wake ni hifadhi. Humo ndimo mwaka 2003 watafiti walimwona kima ambaye wanasayansi wa dunia hawakuwa wakimjua. Wazee wa huku walikuwa wakimjua siku zote na kumwita kipunji, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo. Pandeni migrevilea kwenye mipaka ya shamba, na kaliandra ambayo majani yake ni malisho. Mikaratusi, ambayo wengi tunaiita milingoti, inakua haraka lakini inakunywa maji mengi, hivyo isipandwe karibu na chemchemi. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya meta 60.

Bustani nitaisema kwa kifupi. Ardhi yetu ni ya rutuba, mvua ipo, na bado tunapima kliniki watoto wafupi kuliko umri wao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwa majirani zetu wa Njombe, mkoa wenye chakula tele, ni karibu nusu. Mtoto anashiba ndizi na hapati mboga, maziwa wala mayai. Maziwa yote yanakwenda kwa mnunuzi, maparachichi mazuri yanapakiwa kwenda nje. Uzeni, fedha inahitajika, lakini kikombe cha mtoto kitengwe kabla ndoo haijafungwa. Nyuma ya jiko, pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, panatosha kwa mchicha, figiri, majani ya maboga na viazi lishe vya rangi ya chungwa. Majivu yaende chooni kupunguza nzi na harufu. Maganda ya ndizi yaende kwenye shimo la mboji.

Shuleni nako kuna moshi. Shule nyingi zilizoea kumwagiza kila mwanafunzi aje na kuni, na mtoto wa darasa la pili hawezi kukata mti, basi anaokota chochote, kibichi au cha jirani. Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kamati za shule zisingoje mwaka huo. Kwenye mkutano wa wazazi ulizeni mpishi anapikia wapi, kwa kuni za nani, na kama jiko lina dohani.

Mwalimu wa sayansi naye ana somo lisilohitaji maabara. Awape watoto vipande viwili vya kitambaa cheupe vilivyokatwa kutoka shuka moja. Kimoja kitundikwe juu ya mafiga ya nyumba inayopikia kuni mbichi, kingine kwenye jiko lenye kuni kavu na tundu la moshi, vyote kwa urefu wa kichwa cha mama anayepika. Baada ya wiki mbili viletwe darasani vibandikwe ubaoni kimoja kando ya kingine, na mwalimu asiseme neno kwanza. Awaache watoto watazame masizi, kisha waulize wao wenyewe.