Seminari inalishwa na nani?

Ukitaja Segerea, pembezoni mwa Dar es Salaam, wengi hukumbuka gereza. Wachache hukumbuka kwamba huko huko ipo Seminari Kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga, wanakosomea teolojia mapadre wa kesho.

Vijana hao hula, huugua, huhitaji vitabu. Nani analipa? Mwaka 1889 Jeanne Bigard na mama yake walianza kuchangisha huko Caen, Ufaransa. Kazi yao ndiyo Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, ambalo hadi leo hupeleka ruzuku kwenye seminari za Afrika kupitia Roma. Lakini ruzuku hiyo ni sadaka za waumini, na makanisa mengi ya Ulaya yanazidi kuwa matupu.

Pengo hilo nani ataliziba? Harusi moja ya Kinondoni huchangiwa kwa kadi na vikao. Je, jumuiya ya Temeke ikitoa gunia la mchele kwa mwezi itafilisika? Padre huyo ndiye atakayewabatizia watoto na kuwazikia wazee. Mtoto akilishwa na jirani siku zote, tusishangae akimwita jirani baba.