Fahamu: Kuchanganya Dawa za Mzio wa Pua wa Mwaka Mzima

Mtu apigaye chafya kila alfajiri, pua ikamziba na macho yakamwasha, masika hata kiangazi, aghalabu hana mafua, bali ana mzio uletwao na utitiri wa vumbi wakaao magodoroni na mitoni, viumbe wasioonekana kwa macho, ambao unyevunyevu wa miji ya pwani huwastawisha mno.

Dawa iliyo thabiti zaidi ni steroidi ya kupuliza puani, kama flutikasoni, ambayo hutuliza uvimbe polepole, na huenda nguvu yake kamili isidhihirike ila baada ya siku kadhaa au majuma mawili. Na wengi, inasikitisha kusema, huiacha kabla haijawafaa. Aliyeitumia ipasavyo asipate nafuu ya kutosha, tabibu aweza kumwongezea antihistamini ya kupuliza, azelastini, ianzayo kazi katika dakika 15 hadi 30. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha chupa moja yenye dawa hizo mbili, ijapokuwa idhini hiyo ilihusu mzio wa msimu. Ama kuongeza vidonge vya antihistamini kama setirizini juu ya steroidi hiyo, desturi iliyoenea mno, hakuna faida kubwa.

Unapopuliza, inamisha kichwa mbele kidogo, uelekeze dawa upande wa sikio, mbali na ukuta wa kati wa pua, usije ukatokwa damu. Na dawa za kuzibua pua, kama oksimetazolini, usizitumie zaidi ya siku 5, kwani zikizidi, pua huziba upya kwa ukali zaidi.