PITA MAJI YAJAAPO: Maelezo Juu ya Safari za Vyombo Vidogo Pwani

Wako watu wengi wadhaniao kwamba safari ya baharini hutaka jahazi kubwa na mabaharia wengi. Sivyo. Dau au mashua ya futi 15 au 20, yenye tanga moja na watu watatu, yaweza kufika mbali, mradi wasafiri mchana, walale pwani usiku, na wafuate saa za maji. Sharti hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote.

Tuchukue mfano wa safari ya kutoka mji wa Lamu kwenda Pate. Chombo kidogo hakilazimiki kutoka bahari kuu, kwani iko njia ya ndani, nayo ni Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Lakini maji yakipwa, Mkanda huwa na kina kidogo, na chombo hukwama katika tope.

Yafaa ijulikane kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 25 hivi. Kwa hiyo kila siku huchelewa kwa dakika 50 kadiri. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu, ndipo bamvua. Maji hujaa sana karibu na saa 10 au 11, alfajiri na alasiri. Baada ya siku saba huja maji mafu, nayo hujaa karibu na saa 4 au 5, lakini hayapandi sana. Basi mwenye kusafiri siku za bamvua hana budi kuamka mapema. Na mwenye kupenda saa ya starehe ajue kwamba kina ni kidogo.

Nahodha mwenye akili hupita mahali pa kina kidogo wakati maji yanapojaa, kabla hayajafika kikomo. Akikwama, hungoja kidogo na maji yenyewe humwinua. Akikwama maji yapwapo, hukaa juani kwa saa nyingi, na maji ya kunywa humwishia. Tena akipanda fungu maji ya bamvua yanapofika kikomo, huenda asielee mpaka bamvua la pili, yaani wiki mbili.

Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi, yaani tangu Aprili hata Septemba hivi, kwenda Pate ni rahisi, maana upepo uko nyuma. Lakini kurudi ni kupiga bisho, na saa moja ya kwenda yaweza kuwa tatu za kurudi. Kwa sababu hiyo, hesabu marejeo kwanza. Tena jihadhari na milango ya kutokea baharini: maji yapwayo yakikutana na upepo wa kusi, mawimbi huinuka wima na kujaza chombo kidogo mara moja.

Jua likianza kushuka, tafuta mahali pa kulala. Usipige hema chini ya mstari wa majani yaliyoachwa na maji. Na bamvua likiwa linakua, panda juu zaidi, kwa kuwa maji ya kesho yatapita ya leo. Kisiwani Manda maji matamu ni shida tangu zamani, kwa hiyo kila mtu na achukue lita 4 kwa siku, na akiba ya siku moja zaidi. Katika fukwe za Kiwayu kasa hutaga mayai. Usiwashe moto karibu na mahali hapo.

Mwisho, kabla ya kutweka tanga, mwambie mtu wa nyumbani njia utakayopita na siku utakayorudi. Bahari haimngoji mtu, bali mtu aweza kuingoja bahari. Naye angojaye saa mbili pwani hupata salama ambayo mwenye haraka huikosa.