Nusu ya Meza kwa Kila Mtunzi

Jumapili ya tarehe 21 Desemba 1975, vijana wapatao 700 walikusanyika katika ukumbi wa mikutano uliokuwa Toranomon, katikati ya jiji la Tokyo. Vikundi 32 vilikuwa vimepanga mezani vijarida vya katuni walivyovitunga, kuvichora na kuvichapisha wenyewe. Tisa kati ya kila kumi waliofika walikuwa wasichana wa umri wa sekondari, wapenzi wa hadithi za watunzi kama Hagio Moto, ambao wakati ule walikuwa wakiibadili sura ya manga, yaani katuni za Kijapani. Walinunua, wakabadilishana, wakajadili hadithi wazipendazo, kisha wakarudi makwao. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Comic Market, ambayo wenyewe wameifupisha na kuiita Comiket.

Chanzo chake kilikuwa ugomvi. Tangu 1972 mashabiki wa manga walikuwa na mkutano wao wa kila mwaka, Manga Taikai, na mwaka 1975 mtu mmoja aliyethubutu kuukosoa uongozi wa mkutano huo alinyimwa nafasi ya kuhudhuria. Kikundi cha wahakiki vijana kilichojiita Meikyu kilikataa kunyamaza. Miongoni mwao walikuwamo Harada Teruo, Aniwa Jun na Yonezawa Yoshihiro. Waliona kwamba kulalamika peke yake hakutoshi, wakaanzisha uwanja wao, na sharti lao la kwanza likawa kwamba mlango usifungwe mbele ya mtu kwa sababu ya maoni yake.

Kutoka hapo likaja wazo ambalo limedumu hadi leo: Comiket haina mteja. Aliyekaa nyuma ya meza ni mshiriki, aliyesimama mbele yake akifungua kurasa ni mshiriki, na anayeongoza foleni juani ni mshiriki vilevile. Kwa hiyo mtu hafiki pale kudai ahudumiwe kwa kuwa ametoa fedha yake. Wote wana haki sawa na wote wana wajibu wa kulinda mahali hapo pasiharibike. Kwenye karatasi maneno hayo yanaweza kuonekana kama porojo za waandaaji. Ukiyafuata jinsi yanavyotekelezwa sakafuni, meza kwa meza na foleni kwa foleni, unaona kwamba bila hayo shughuli yenyewe isingewezekana.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kuhamahama. Kila ukumbi ulipojaa, ulitafutwa mwingine: Itabashi, Ota, Kawasaki, Yokohama. Mwaka 1981 Comiket ilifika Harumi, kwenye viwanja vya maonyesho ya biashara vilivyokuwa kando ya ghuba ya Tokyo. Katikati ya muongo huo ndipo mafuriko ya watu yalipoanza. Takahashi Yoichi alikuwa amechora Captain Tsubasa, hadithi ya kijana mwenye ndoto za kandanda, na ingawa ilichapishwa katika gazeti la wavulana, maelfu ya wasichana waliipenda. Wakaanza kuwachora upya wachezaji wale, kuwatungia maisha nje ya uwanja, urafiki na mapenzi. Vijarida vya namna hii, vinavyotungwa na mashabiki au na watunzi wasio na kampuni ya uchapishaji nyuma yao, huitwa dojinshi. Comiket ikawa soko lao kuu.

Ukubwa ukaleta matatizo yake. Mwishoni mwa 1989 shughuli ilihamia Makuhari Messe, ukumbi mpya wa kisasa mkoani Chiba. Lakini mwaka huohuo Japani ilikuwa imetikiswa na kukamatwa kwa muuaji wa watoto ambaye vyombo vya habari vilimtaja kuwa mpenzi wa katuni na kanda za video, na hasira ya umma ikawaangukia mashabiki wote kwa jumla. Mwaka 1991, kwa kisingizio cha vijarida vyenye picha za ngono, Makuhari ikawafungia mlango. Comiket ikarudi Harumi kwa haraka. Tangu hapo kila kikundi hukabidhi nakala ya kila chapisho jipya kwa waandaaji asubuhi ya siku yenyewe, ikaguliwe kabla ya kuuzwa. Yonezawa, aliyekuwa mwenyekiti tangu 1980, alielewa kwamba uhuru wa meza zile ulitegemea uwezo wa kuzilinda, na kazi hiyo aliifanya hadi muda mfupi kabla ya kifo chake, Oktoba 2006. Chuo Kikuu cha Meiji, alikosoma, kilifungua maktaba yenye jina lake mwaka 2009, nayo imehifadhi vitabu na majarida aliyoyakusanya maisha yake yote.

Makao ya sasa ni Tokyo Big Sight, katika mtaa wa Ariake, juu ya ardhi iliyofukiwa baharini. Jengo lilifunguliwa 1996, na Comiket ikaingia katika kiangazi cha mwaka huohuo. Mtu akishuka kwenye treni huona kwanza mnara wa mikutano uliojengwa kama piramidi nne zilizopinduliwa juu chini, na chini yake msumeno mkubwa wenye mpini mwekundu, sanamu ya Claes Oldenburg na Coosje van Bruggen, uliozama ardhini kama vile fundi ameuacha kazini. Nyuma ya mnara huo ndipo kumbi zilipo. Upande wa mashariki ziko sita za asili, tatu kila upande wa njia pana ya katikati, na kila moja ina zaidi ya mita za mraba 8,000 za sakafu. Kuta za kati huweza kuondolewa, kumbi tatu zikawa uwanja mmoja ambao mwisho wake hauonekani kwa wingi wa vichwa vya watu. Magharibi ziko nyingine nne, na mwaka 2019 zikaongezwa za kusini.

Jinsi eneo lote hilo linavyogawanywa ni kazi ya akili inayostahili sifa kuliko inavyopewa. Kipimo cha msingi ni meza ya kawaida ya kukunja, yenye urefu wa sentimita 180. Hukatwa katikati kwa hesabu tu, na kila kikundi hupata nusu yake, sentimita 90, pamoja na nafasi ya viti. Mwanafunzi aliyechapisha nakala 30 kwa mashine ya fotokopi na mtunzi anayeuza maelfu ya nakala hupimiwa nusu ileile. Kikundi chenyewe mara nyingi ni mtu mmoja.

Meza hupangwa kuwa mistatili mirefu inayoitwa visiwa. Watunzi hukaa ndani ya kisiwa wakipeana migongo, na wasomaji hupita kwenye njia za nje. Kila kisiwa kina herufi, kila meza ina namba, na kila nusu ya meza ni a au b, hivyo msichana aliyetoka Hokkaido akitafuta kijarida kimoja kati ya makumi ya maelfu hukifikia bila kuuliza. Anuani hizo zote huchapishwa katika katalogi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nene kama kitabu cha simu. Ndani yake kila kikundi kina kipicha kidogo cha mraba kilichochorwa na wenyewe. Wazoefu huisoma usiku kucha wakitia alama, kisha huchora ramani ya njia watakayoipita.

Vikundi vyenye umaarufu mkubwa huwekwa kwenye kuta. Mgeni anaweza kudhani ni heshima, na kweli watunzi wenyewe huiona hivyo, lakini sababu yake ni foleni. Nyuma ya ukuta kuna milango mikubwa ya kukunja inayofunguka nje, kwa hiyo mstari wa watu 500 hutolewa uani ukajizungusha huko bila kuziba njia za ndani. Mtu wa mwisho kwenye foleni hushika bango linalosema hapa ndipo mwisho, na anayekuja nyuma yake hulipokea. Bango husafiri hivyo kutoka mkono hadi mkono siku nzima, na hakuna askari anayelisimamia.

Aina za kazi nazo hugawiwa kwa siku. Michezo ya kompyuta, hadithi za mapenzi, treni, vyakula, historia ya vita, mashairi, hesabu: kila moja ina siku yake na ukumbi wake, na kazi mbili zinazovuta umati mkubwa hutenganishwa makusudi ili mawimbi ya watu yasigongane. Wavaaji wa mavazi ya wahusika wana vyumba vya kubadilishia nguo na viwanja vyao vya kupigwa picha. Hawaruhusiwi kuja wamevaa hivyo kutoka nyumbani, ili abiria wengine wa treni wasisumbuliwe. Makampuni yana eneo la pembeni, mbali na meza za watunzi, na huo nao ni uamuzi wenye maana.

Anayeendesha yote haya ni jeshi la wafanyakazi wa kujitolea wapatao 3,000. Hawalipwi mshahara. Wakati wa kufunga, sauti ya kipaza hutangaza mwisho, na watu wote ukumbini, wauzaji kwa wanunuzi, hupiga makofi pamoja. Wengi wa walio nyuma ya meza huwa hawakupata faida. Waliotoza yeni 500 kwa kijarida walishamlipa mchapishaji, nauli na chakula, na bado watajaza fomu ya kuomba nafasi tena.

Matunda ya nusu meza hizo yameenea duniani. Desemba 2000 Nasu Kinoko na Takeuchi Takashi, wakijiita Type-Moon, waliuza hapo mchezo wa Tsukihime, na baadaye wakaja kutunga mfululizo wa Fate, unaofahamika hadi nje ya Japani. Agosti 2002, katika Comiket moja tu, ya 62, mtunzi aitwaye ZUN aliuza mchezo wa sita wa mfululizo wa Touhou, na Ryukishi07 akaleta sehemu ya kwanza ya Higurashi. Hakuna kampuni iliyowaajiri kufanya hayo. Walihitaji mahali pa kuweka diski zao na watu wa kuzichukua.

Mitihani haikuisha. Mwaka 2012 mtu asiyejulikana alianza kutuma barua za vitisho kwa walioandaa shughuli zinazohusu Kuroko no Basuke, manga ya mpira wa kikapu, na Desemba hiyo Comiket ililazimika kuvizuia vikundi takriban 900 vya mashabiki wake. Kwa shughuli iliyozaliwa kwa kukataa kumfukuza mtu, uamuzi huo uliuma. Aliyetuma barua hizo alikamatwa Desemba 2013.

Mwaka 2019 kumbi za mashariki zilichukuliwa kwa maandalizi ya Olimpiki. Waandaaji wakaongeza siku kutoka tatu hadi nne, wakapeleka makampuni katika ukumbi wa Aomi, na kwa mara ya kwanza wakadai kila anayeingia anunue bangili ya mkononi. Hadi wakati huo kuingia kulikuwa bure. Mahudhurio ya Desemba yalifika 750,000 kwa kujumlisha siku zote, ambayo hayajawahi kufikiwa tena. Miezi michache baadaye ikaja korona. Comiket ya 98, iliyopangwa kufanyika Mei 2020, ikafutwa, na watu wakakaa hadi mwisho wa 2021 kabla ya kuziona tena meza zile. Comiket hiyo ilikuwa ya siku mbili, na waliruhusiwa watu 55,000 kila siku, wenye tiketi tu.

Tiketi zimebaki, na sehemu kubwa ya foleni ya alfajiri imehamia kwenye maombi ya mtandaoni. Kitu fulani kimepotea hapo, kwani mlango uliokuwa wazi kwa yeyote aliyeamka mapema sasa mara nyingi unamtaka mtu apange na kulipa mapema. Lakini upande wa watunzi utaratibu ni uleule wa zamani: fomu ya kuomba nafasi ya msimu ujao huuzwa humohumo ukumbini, siku ileile ya shughuli. Anayeitaka huinunua, huchora kipicha chake cha mraba kwa ajili ya katalogi, hukituma pamoja na fomu, na kusubiri kujua kama amepata sentimita 90 zake.