Msitu Uliokatwa Vipande na Maji ya Mto Zigi

Mtu anayefungua bomba mjini Tanga huenda hajawahi kufika Amani. Hata hivyo, maji anayokinga yametoka huko milimani. Mto Zigi hukusanya maji ya misitu ya Usambara Mashariki na kuyashusha hadi bwawa la Mabayani, ambalo huuhudumia mji.

Misitu hiyo haijaungana tena. Mashamba ya chai, vijiji na barabara vimeigawa vipande, vingine vikubwa, vingine vya hekta chache tu. Wengi husema, "Maadamu miti imebaki, hakuna neno." Je, ni kweli?

Tufanye hesabu ndogo. Msitu wa mraba wenye upande wa kilomita 1 una hekta 100. Ukingoni jua na upepo hupenya, udongo hukauka na miti mikubwa huanguka. Tuseme madhara hayo yanaingia mita 100 kila upande. Sehemu salama ya katikati inabaki hekta 64. Sasa tuchukue vipande vinne vilivyotengana, kila kimoja hekta 25. Jumla bado ni hekta 100, lakini sehemu salama zote pamoja ni hekta 36 tu.

Watafiti wameyaona hayo kwa macho. Karibu na Manaus, Brazili, mradi ulioanzishwa mwaka 1979 na Thomas Lovejoy umefuatilia vipande vya hekta 1, 10 na 100, na umeonyesha kwamba miti hufa kwa wingi karibu na ukingo. Huku kwetu Usambara, William Newmark alianza mwaka 1987 kunasa ndege kwa nyavu laini, kuwavisha pete na kuwaachia. Aliona kwamba aina za ndege wa chini ya miti hupungua katika vipande vidogo na vilivyo mbali na msitu mkubwa. Wengi wao hawathubutu kuvuka mahali peupe. Kwao shamba la chai ni kama bahari.

Na mto je? Chini ya msitu mzima, majani yaliyooza na mizizi hufanya udongo kuwa kama sifongo. Mvua huzama, kisha hutoka polepole kwenye chemchemi hata wakati wa kiangazi. Mteremko ukiachwa wazi, maji hukimbia juu ya ardhi yakibeba udongo. Mto hufurika masika, hupungua kiangazi, na tope hujaa bwawani.

Dawa mojawapo ni kuunganisha vipande. Ndiyo sababu ukanda wa Derema, ulio kati ya misitu iliyotengana, ulihifadhiwa. Lakini humo wakulima walikuwa na iliki, zao linalopenda kivuli cha msitu, na familia nyingi zililitegemea kwa ada za shule na matibabu. Walilipwa fidia. Ila fidia hulipwa mara moja, na iliki huvunwa kila mwaka.

Hapa ndipo sayansi inapokutana na haki. Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 35, hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitaja njia za kuunganisha makazi ya viumbe kuwa mbadala unaopunguza madhara. Waraka huohuo unatukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Mkulima wa mlimani akiacha shamba lake ili mtu wa mjini apate maji safi, mtu huyo wa mjini ana deni kwake.

Tuanze na yaliyo karibu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto: tusilime humo. Tupande miti ya asili kando ya vipande vya misitu. Na tulipapo ankara ya maji, tuulize ni kiasi gani kinachorudi kwa wanaoutunza mlima.