Je, Wajua? Kardinali kabla ya Uhuru

Tanganyika ilipata kardinali kabla ya kupata bendera yake. Machi 1960, Papa Yohane XXIII alimteua Askofu Laurean Rugambwa wa Rutabo kuwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama zetu. Uhuru ulikuja Desemba 1961.

Alipoteuliwa alikuwa na miaka 47 tu. Siku ileile Japani nayo ilipata kardinali wake wa kwanza, Peter Doi wa Tokyo, na Ufilipino wa kwake, Rufino Santos wa Manila. Mataifa matatu kwa mpigo! Kwa Kanisa lililozoea makardinali wa Ulaya, hilo halikuwa jambo dogo.

Rugambwa hakuzaliwa katika nyumba ya Kikristo. Alibatizwa akiwa mtoto wa miaka minane, pamoja na baba na mama yake. Familia nzima iliingia Kanisani kwa pamoja, na humo akatoka padre, askofu, kisha kardinali.

Mwaka 1963 alipiga kura kumchagua Papa Paulo VI. Mwaka 1978 alipiga kura tena mara mbili, kwa kuwa Papa Yohane Paulo I alifariki baada ya siku 33 tu. Aliyefuata alikuwa Yohane Paulo II.

Papa huyo alifika Dar es Salaam Septemba 1990 na kuwapa vijana upadre. Mmoja wao, mzaliwa wa Bukoba, ni kardinali tangu 2023. Jina lake? Protase Rugambwa.